Mikono Nayo Husoma

Yako maarifa ambayo mtu huyapata kwa kusikiliza, na yako mengine yasiyomwingia mpaka mikono yake iyaguse. Hapa kwetu Masisi hakuna abishaye neno hili penye ng'ombe. Mtoto wa mfugaji haandikiwi ubaoni namna ya kukamua. Hupewa ndoo, huketishwa kando ya ng'ombe mpole, hupigwa teke mara moja au mbili, na baada ya majuma machache maziwa huanza kulia ndani ya ndoo. Kadhalika mtengenezaji wa jibini yetu, ile inayoshushwa Goma kuuzwa: vidole vyake ndivyo vinavyomwambia kwamba maziwa yameganda vya kutosha na saa ya kuyakata imefika. Basi jambo hili tunalolikubali sote zizini, twalisahau mara tuingiapo darasani, na mahali linaposahauliwa kuliko pote ni katika somo la kompyuta.

Ndugu wasomaji, twawaandikia haya kutoka Karuba. Atokaye Goma huenda kwanza Sake, mwendo wa kilomita kama 25, kisha huiacha nyuma nchi ya ziwa na kupanda milima ya malisho mpaka kufika kwetu. Sisi tulifundishwa kusoma katika shule ya misioni, tukapita seminari, kisha tukarudi kushika chaki. Hatuna nia ya kudharau daftari wala kukariri. Kilatini tulikipata kwa kukariri, na mpaka leo hakijatutoka. Lakini hata Kilatini walimu wetu hawakutuachia katika kanuni tu. Kila siku tulipewa sentensi za kugeuza, zikarudi zimejaa wino mwekundu, tukazigeuza tena. Kanuni ilikuwa mlango; nyumba yenyewe ilikuwa yale mazoezi.

Sasa tutazame hali ya somo la kompyuta katika shule nyingi za vijijini. Mtaala wa darasa la 7 na la 8 la Elimu ya Msingi katika nchi yetu ya Kongo una somo la teknolojia ya habari na mawasiliano, na juu yake, katika sekondari, kuna mchepuo wa biashara na informatiki. Ni jambo jema. Lakini mwalimu asiye na mashine hufanyaje? Huchora kibodi ubaoni, kitufe kwa kitufe. Huandika kwa Kifaransa maana ya mfumo endeshi, maana ya programu, maana ya hifadhidata, nao wanafunzi wanakili. Siku ya mtihani huulizwa maana zile zile, wakazirudisha neno kwa neno, wakapata alama nane juu ya kumi. Mzazi huiona karatasi, akafurahi, akauza mbuzi mwingine kulipa muhula unaofuata.

Kisha kijana yule hushuka mjini kutafuta kazi. Mwenye duka humwambia, "Keti hapa, ufungue kitabu cha mauzo, unipe jumla ya wiki." Kijana huketi. Anajua kueleza kwa Kifaransa safi kompyuta ni nini, wala hajui kitufe cha kuiwasha kiko wapi. Hapo ndipo inapoonekana kwamba mbuzi wale wawili waliuzwa bure, na aibu humwangukia kijana asiye na kosa lolote. Jambo hili latuuma, maana tumewaona vijana wa namna hiyo wakirudi kijijini kimya kimya.

Katika shule tunayofundisha, chumba cha kompyuta kina mashine tano. Zote zilikwisha kutumika kwingine kabla ya kutufikia. Umeme watoka kwenye paneli za jua juu ya mabati, ukawekwa katika betri mbili. Wanafunzi wa darasa moja ni 40. Mtu atasema: mashine tano kwa watoto 40, si mchezo huo? Nasi twajibu kwa kueleza yaliyotendeka humo.

Somo letu la kwanza halikuwa maana ya mfumo endeshi. Lilikuwa kuuweka wenyewe katika mashine tupu. Tulitumia Linux, kwa sababu hailipiwi, na kwa sababu hukubali kukaa katika mashine kuukuu. Asili yake ni ya kuwatia moyo wanafunzi. Mwaka 1991 kijana wa miaka 21, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alikuwa na kompyuta yake mpya na hamu ya kujua jinsi inavyofanya kazi ndani. Akaanza kuandika mfumo wake mwenyewe kwa kujifunza, kisha akawaalika wengine duniani kote waufungue, wausome na kuurekebisha. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa toleo lililofanywa rahisi kwa watu wa kawaida, akaliita Ubuntu, neno ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa sana, kwa kuwa ni ndugu wa neno letu utu.

Katika kuuweka mfumo huo, mashine huuliza maswali: lugha gani, saa za nchi gani, kibodi ya namna gani. Kundi moja lilipita haraka penye swali la kibodi. Likachagua neno la siri, "amani", likaliandika mara mbili kama inavyotakiwa, nalo likakubaliwa. Kesho yake mashine ikawashwa, wakaandika tena "amani", ikawakatalia. Wakaandika mara kumi, ikawakatalia mara kumi. Mmoja akasema mashine imerogwa.

Hatukuwaambia jibu. Tuliwauliza tu: "Mnaona mnachoandika?" Hawakuona, kwa sababu neno la siri huonyeshwa kwa nukta tupu. Basi wakaandika neno lile mahali pa jina, ambapo herufi huonekana. Kumbe! Siku ile mashine ilikuwa na kibodi ya Kiingereza, kwa kuwa ile ya asili ilikuwa mbovu, na vidole vyao viliandika "amani" kweli kweli. Leo tulikuwa tumeifungia kibodi iliyotoka Ubelgiji, ambayo herufi zake zimepangwa kwa desturi ya Kifaransa; mashine iliendelea kuisoma kwa desturi ya Kiingereza, na "amani" ikawa "q;qni". Mahali penye A ya Kifaransa pana Q ya Kiingereza, na mahali penye M pana alama ya nukta na mkato. Katika saa moja watoto wale walifahamu jambo ambalo daftari lingewaeleza kwa ukurasa mzima bila kuwaingia: kitufe hakina herufi ndani yake. Kitufe hutoa ishara, na mfumo endeshi ndio unaoamua ishara ile ni herufi gani.

Baada ya siku ile, tulipoandika ubaoni kwamba mfumo endeshi ni msimamizi anayekaa kati ya mashine na mtumiaji, hakuna aliyeuliza maana yake. Walikwisha kukutana naye. Kisha wakajifunza kazi zake nyingine kwa njia ile ile. Kila mwanafunzi alifunguliwa nafasi yake yenye jina lake. Wakaona kwamba faili ya mtu yaweza kuruhusiwa kusomwa na wengine bila kuruhusiwa kubadilishwa, kama vile mtu awezavyo kukuonyesha barua bila kukupa kalamu. Mmoja alijaribu kufuta kazi ya mwenzake, mfumo ukamwambia huna ruhusa. Darasa likacheka, lakini ruhusa za kusoma, kuandika na kuendesha zilikuwa zimewaingia.

Tuje sasa penye kuandika programu. Programu ni maagizo yaliyopangwa kwa utaratibu ili mashine iyafuate. Tulichagua lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, kwa kuwa maneno yake ni machache na ukurasa wake husomeka. Zoezi lilikuwa jepesi: ng'ombe mmoja ametoa lita tatu na nusu asubuhi, na jioni kiasi hicho hicho, mashine itoe jumla ya siku. Mwanafunzi mmoja, hodari wa hesabu, aliandika 3,5 kama tunavyoandika sisi tuliosoma kwa Kifaransa, akaagiza izidishwe mara mbili. Alitazamia saba. Mashine ikamjibu: 3, 5, 3, 5.

Alikasirika. "Mwalimu, hii haijui hesabu!" Tukamwambia, "Mwanangu, ijua hesabu au haijui, imefanya ulichoiambia. Tafuta ulichoiambia." Akakaa na mwenzake robo saa nzima. Wakajaribu 4, ikawapa nane. Wakajaribu 4,5, ikawapa 4, 5, 4, 5. Ndipo mwenzake alipopiga kelele: mashine huutazama mkato kama kitenganishi! Iliona vitu viwili, tatu na tano, ikavirudia mara mbili kama ilivyoamriwa. Katika lugha ile sehemu ya desimali huandikwa kwa nukta, wala si kwa mkato. Wakaandika 3.5, wakapata 7.0.

Tazameni, ndugu wasomaji, mambo aliyoyapata mtoto yule katika robo saa. Alijifunza kwamba mashine haidhanii, haikisii nia ya mtu, haimwonei huruma. Alijifunza kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja ili ajue kosa liko wapi. Na kubwa zaidi, alijifunza kwamba jibu baya lililotoka bila ujumbe wa kosa ni la hatari kuliko mashine iliyogoma, maana mtu asiyelichunguza angeweza kulipeleka kwa mwenye maziwa kama jibu sahihi. Mafunzo haya matatu hayanakiliki ubaoni.

Wala njia hii ya kufundisha haikuzuliwa Karuba. Katika chuo cha Dartmouth, Marekani, walimu wawili wa hisabati, John Kemeny na Thomas Kurtz, walitaka kila mwanafunzi, hata wa historia na fasihi, aweze kuitumia kompyuta kwa mikono yake mwenyewe. Siku zile mashine ilikuwa moja kwa chuo kizima, na mtu wa kawaida hakuikaribia. Wakatunga lugha nyepesi, BASIC, na mfumo wa kuigawa mashine moja kwa watu wengi kwa zamu za haraka sana, hata kila mmoja akajiona kama yuko peke yake. Ilianza kazi alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964. Na sehemu kubwa ya mfumo ule iliandikwa na wanafunzi wenyewe wa chuo kile. Hawakungoja kuhitimu ndipo waguse; kwa kugusa ndiko walikohitimu.

Na kwa wasichana wetu tunaongeza jina moja. Mwaka 1965 Sista Mary Kenneth Keller, mtawa wa shirika la Masista wa Upendo wa Bikira Maria, alipata udaktari wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Yeye ni mwanamke wa kwanza katika Marekani kupata shahada hiyo, na mmoja wa watu wawili wa kwanza kabisa, wanaume kwa wanawake. Baadaye alianzisha idara ya kompyuta katika chuo cha Clarke, katika mji wa Dubuque, akaiongoza miaka ishirini. Twalitaja jina hili kwa sababu darasani kwetu wavulana walizoea kushika kibodi, na wasichana wakasimama nyuma na daftari wakiandika. Tangu tulipoweka sheria ya zamu, kengele ikilia aliyeketi asimame na aliyesimama aketi, hatujaona tofauti yoyote kati ya vidole vya kijana na vya binti.

Limebaki somo la tatu, hifadhidata. Neno hili huwatisha watu, na kumbe kila Mkristo amekwisha kuandikwa katika kitu cha namna hiyo. Katika parokia kuna kitabu cha ubatizo. Kila aliyebatizwa ana mstari wake na namba yake. Akipata kipaimara, akifunga ndoa, hata kama ni katika parokia ya mbali, habari hurudishwa ikaandikwa penye mstari ule ule wa ubatizo wake. Watu wawili waweza kuitwa Yohani, na baba zao wote wawili wakaitwa Petro; namba huwatenganisha. Na mtu mmoja aweza kutajwa katika vitabu vitatu; namba humkutanisha.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alitoa maandishi yaliyoeleza kwa hisabati namna ya kuweka habari katika majedwali yanayounganishwa kwa namba au alama za namna hiyo. Hifadhidata nyingi za benki, hospitali na serikali duniani zimejengwa juu ya fikira ile. Tuliwasimulia wanafunzi, wakaitikia kwa vichwa. Lakini kuitikia kwa kichwa si kujua. Tukawapa kazi: tengenezeni daftari la maziwa yanayoletwa kwa mtengenezaji wa jibini.

Makundi yote matano yaliandika kila kitu katika jedwali moja: tarehe, jina la mfugaji, kijiji, lita. Baada ya siku chache tukawaambia waiulize mashine, Bahati ameleta lita ngapi? Mashine ikawapa Bahati watatu. Mmoja aliandikwa "Bahati", wa pili "BAHATI", wa tatu "Bahatti", kwa kuwa aliyeandika alikuwa na haraka. Mtu akisoma hujua kuwa ni mmoja. Mashine yaona watatu, na mfugaji angelipwa theluthi ya haki yake. Basi bila sisi kuwaambia, msichana mmoja akasema, "Tumpe namba, kama ya ubatizo." Wakatenga majedwali mawili: moja la wafugaji, kila mmoja mara moja tu na namba yake, jingine la maziwa, lenye tarehe, namba na lita. Fikira ya Codd ilikuwa imeingia Karuba kwa mlango wa zizi.

Kazi hii tuliifanya kwa SQLite, programu ya hifadhidata iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, isiyolipiwa, ambayo huweka habari zote katika faili moja tu. Ni ndogo hata hukaa ndani ya simu nyingi zilizomo mifukoni mwenu bila ninyi kujua.

Jioni moja jua lilijificha mapema nyuma ya milima, na betri zikaisha katikati ya zoezi. Wanafunzi walikuwa wakirekebisha kosa: lita kumi zilizoandikwa kwa mfugaji wa 4 zihamishiwe kwa mfugaji wa 7. Walikuwa wameshaziondoa kwa wa 4, hawajaziongeza kwa wa 7, mara vioo vikazimika. Kesho yake kundi moja lilikuta lita kumi zimepotea kabisa. Kundi jingine, lililokuwa limeagiza matendo yale mawili yafungwe pamoja kama kitu kimoja, lilikuta kila kitu kama kilivyokuwa kabla ya kuanza. Hifadhidata ilikuwa imekataa kuacha kazi nusu: ama yote yatendeke, ama lisitendeke hata moja.

Tukawauliza, "Mkituma fedha kwa simu, na mtandao ukakatika katikati, mngependa mfumo wa kundi gani?" Hapo hakuna aliyesinzia. Kila nyumba hapa imewahi kutuma au kupokea fedha kwa simu. Walifahamu kwamba nyuma ya ujumbe ule mfupi unaosema fedha zimefika, kuna mtu aliyeketi mahali akaandika sharti hili, na kwamba mtu yule aweza siku moja kuwa mmoja wao.

Tukaongeza jambo la nakala. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza kwamba kila mwisho wa mwaka paroko apeleke kwa askofu nakala ya vitabu vya parokia. Watu wa Masisi hatuhitaji maelezo marefu ya sababu. Nyumba yaweza kuungua na kitabu kikaungua nayo. Nakala inayokaa katika sanduku moja na kitabu cha asili haijaokoa kitu. Basi kila Ijumaa faili ya maziwa hunakiliwa katika flashi, na flashi hiyo hulala katika nyumba nyingine.

Twajua yanayosemwa na wazazi. Mama mmoja alitujia baada ya Misa, akasema, "Mwalimu, mwanangu asema mnacheza na mashine, wala daftari lake halijai. Sisi tulilipa ili aandike." Tukamjibu, "Mama, mwambie akuhesabie maziwa ya mwezi huu." Neno la mama yule si la kupuuzwa. Mtihani bado huulizwa kwa karatasi, na mwalimu asiyewaandaa watoto kwa karatasi amewadhulumu. Kwa hiyo daftari hatukulitupa. Tulibadili utaratibu tu. Kwanza mkono hugusa, kisha mdomo hueleza, mwisho kalamu huandika jina la kitu ambacho mtoto amekwisha kukijua. Maana iliyoandikwa namna hiyo haihitaji kukaririwa usiku kucha.

Na kwa walimu wenzetu walio na mashine chache, au moja tu, twasema yafuatayo. Wanafunzi wawili waketi pamoja, mmoja aandike, mwingine asome na kusahihisha, kisha wabadilishane. Wanaongoja zamu wasikae bure: waandike programu yao katika karatasi na kuifuata mstari kwa mstari kwa kidole, wakiandika pembeni kila namba inavyobadilika, kana kwamba wao ndio mashine. Atakayefika kibodini baada ya kazi hiyo atatumia dakika kumi vizuri kuliko mwingine saa nzima. Na kosa la mwanafunzi lisifutwe haraka na mwalimu. Mwalimu anayenyakua kibodi ili aonyeshe jibu amemnyang'anya mtoto somo lenyewe.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni zito. Katika milima ya jirani yetu, huko Rubaya, watu huchimba koltani. Ndani yake mna madini ya tantali, ambayo hutiwa katika vipande vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu na kompyuta. Mwaka 2024 mkuu wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo alilieleza Baraza la Usalama kwamba biashara ya madini ya eneo la Rubaya yakadiriwa kutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia. Maana yake, yaweza kuwa ndani ya mashine hizi tano zilizopita nchi nyingi kabla ya kuturudia, mna chembe ya udongo wa Masisi. Udongo huo umetuletea vilio vingi. Mwaka 2023 vita vilipofika Mushaki na Karuba, jamaa nyingi zilishuka Sake na Goma na magodoro kichwani. Na Februari 2024, mapigano yalipoikaribia Sake, wengi walikimbia mara ya pili.

Anayekimbia hawezi kuchagua mengi. Ng'ombe huachwa, daftari hulowa, mashine haibebeki. Tulimwona kijana mmoja wa Karuba katika siku zile, amepata kibarua katika kibanda cha Goma cha kunakili karatasi na kuandika barua za watu. Mwenye kibanda alikuwa na kompyuta iliyogoma kuwaka. Kijana akaomba aijaribu. Akaiwekea mfumo upya, akaangalia kwanza penye swali la kibodi, akaipanga. Mkate wa wadogo zake wanne ulipatikana hapo miezi kadhaa. Hakuwa na cheti mkononi, kilibaki katika nyumba iliyofungwa. Alikuwa na mikono iliyokwisha kuzoea.

Basi, wazazi wapendwa, mnapokwenda shuleni msiulize tu ni alama ngapi. Ulizeni pia: mwanangu amekaa mbele ya mashine saa ngapi muhula huu, na ametengeneza nini? Kamati za wazazi zinapokusanya mchango, betri nzuri na ihesabiwe pamoja na madawati. Nanyi wanafunzi, msione haya kwa mashine kuukuu wala kwa jibu la 3, 5, 3, 5. Ketini, tazameni mlichoiambia, mjaribu tena kabla jua halijazama.